Haki ya Kujibu: Hukumu za Watazamaji wa Red Dwarf na Suala la Kuifasiri Futuhi Hiyo kwa Watu wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Futuhi ni utanzu mgumu kuuhamisha kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine. Tanzia hueleweka karibu kila mahali, kwa kuwa kifo na utengano humfika kila mtu. Kicheko, kwa upande mwingine, hutegemea mambo ambayo mchekaji hakuyasoma darasani: lafudhi ya jirani, cheo cha msemaji, neno lisilotamkwa mbele ya wakwe, na kumbukumbu ya nani alimcheka nani jana. Ndiyo maana watazamaji wanaokubaliana kwamba hadithi fulani ni nzuri wanaweza kubishana vikali kama inachekesha.

Lengo la makala haya ni kuchunguza kigezo ambacho watazamaji hukitumia, mara nyingi bila kukitaja, wanapoipima futuhi ya mfululizo. Mfano mkuu ni Red Dwarf, futuhi ya Kiingereza yenye mandhari ya bunilizi ya kisayansi, iliyoanza kuonyeshwa na BBC2 tarehe 15 Februari 1988 na kuendelea, kwa kusimama na kuanza tena, hadi filamu yake ya mwaka 2020. Futuhi iliyodumu kwa zaidi ya miaka thelathini huacha nyuma yake mabishano mengi ya watazamaji, na mabishano hayo ni data yenye thamani kwa mwanaisimu.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kigezo hicho ni haki ya kujibu. Mtazamaji huikubali futuhi inayomweka mahali ambapo anaweza kumrudishia mchekeshaji neno, na huikataa ile inayomfanya achekwe huku amefungwa mdomo. Hoja hiyo inapimwa kwa mfano wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu limekuwa shabaha ya mzaha wa taifa kwa muda mrefu. Kwa hiyo yeyote atakayefikiria kuwafasiria wakazi wake futuhi ya kigeni analazimika kuuliza kwanza watakaa upande gani wa kicheko.

2.0 Red Dwarf na Mabishano ya Watazamaji Wake

Waandishi wa futuhi hii, Rob Grant na Doug Naylor, waliiweka katika meli ya angani ya kuchimba madini. Dave Lister, fundi wa daraja la chini kabisa, anaadhibiwa kwa kuficha paka melini. Adhabu yake ni kufungiwa katika chumba ambamo wakati husimama. Akiwa humo, mionzi inavuja na kuwaua wenzake wote. Kompyuta ya meli, Holly, inamtoa baada ya miaka milioni tatu, na anajikuta huenda ndiye binadamu wa mwisho. Anabaki na Arnold Rimmer, aliyekuwa mkuu wake kwa daraja moja tu, ambaye amekufa na kurudishwa kama taswira ya mwanga. Paka, kiumbe mwenye umbo la mtu aliyetokana na uzao wa yule paka aliyefichwa. Na Kryten, roboti mtumishi, aliyekuwa mhusika wa kudumu kuanzia msimu wa tatu wa mwaka 1989.

Jambo moja la kimuundo linastahili kuzingatiwa mapema. Waandishi waliamua tangu mwanzo kwamba hadithi yao isiwe na viumbe wa sayari nyingine. Katika bunilizi nyingi za angani mgeni huyo ndiye wa kuogopwa au kuchekwa. Alipoondolewa, wahusika walibaki na nafsi zao tu za kuchekwa. Rimmer anamdharau Lister, Lister anamrudishia, Paka anawadharau wote wawili, na Kryten anawatumikia huku akijifunza polepole kusema uongo na kutukana. Kila atupaye neno hupata jibu.

2.1 Kicheko cha ukumbini

Suala linalowagawanya watazamaji zaidi ni kicheko kinachosikika ndani ya mchezo wenyewe. Misimu sita ya kwanza ilirekodiwa mbele ya hadhira. Msimu wa saba, wa mwaka 1997, ulipigwa picha bila hadhira. Kicheko kilirekodiwa baadaye kwa kuwaonyesha watu sehemu zilizokamilika. Msimu wa nane, wa mwaka 1999, ulirudi ukumbini. Back to Earth, iliyoonyeshwa na chaneli ya Dave mwaka 2009, haikuwa na kicheko kabisa. Msimu wa kumi, wa mwaka 2012, uliirudisha tena hadhira.

Wapo watazamaji waliousifu msimu wa saba kwa picha zake zenye ubora wa sinema. Wengi zaidi waliona kwamba mchezo umepoa. Ni kweli kwamba zilikuwapo sababu nyingine: Grant alikuwa amejitoa katika uandishi, na Chris Barrie, mwigizaji wa Rimmer, hakuonekana katika sehemu kadhaa. Hata hivyo, lalamiko la kupoa linaelezeka vizuri zaidi kiisimu. Mwigizaji aliye mbele ya watu hulitupa neno, husubiri, hupima mwitiko, ndipo akaongeza la pili. Kusubiri huko ni sehemu ya usemi wake. Mtambaji wa Kiswahili hulijua jambo hili: akisema "Paukwa" hawezi kuendelea kabla hajasikia "Pakawa". Kiitikio hicho ndicho kinachomruhusu asimulie. Kicheko kilichoongezwa baadaye ni "Pakawa" iliyobandikwa baada ya ngano kwisha, na msikilizaji huhisi kwamba mtambaji hakumngojea mtu.

Lipo pia kundi la watazamaji wanaokichukia kicheko chochote cha ukumbini, wakidai kwamba kinawaamrisha wapi pa kucheka. Kwa juu juu kundi hili linapingana na lile la kwanza. Kwa undani yote mawili yanadai kitu kimoja. La kwanza linalalamika kwamba hadhira haikupewa nafasi ya kujibu. La pili linalalamika kwamba watu wengine wamejibu kwa niaba yake.

2.2 Lafudhi na tabaka

Suala la pili ni lafudhi. Craig Charles, mwigizaji wa Lister, ni mtu wa Liverpool, na Lister anazungumza Kiingereza cha mji huo. Katika Uingereza lafudhi hiyo hutambulisha tabaka la wafanyakazi, na mara nyingi imekuwa ya kuchekwa. Rimmer hujitahidi kuzungumza kama afisa, ingawa ameshindwa mtihani wa uafisa mara nyingi. Mchezo unampa Lister utu na ucheshi, na unamwachia Rimmer aibu. Hivyo lafudhi ya chini ndiyo yenye kucheka, na lafudhi ya kutamani makuu ndiyo yenye kuchekwa.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika suala la kujifunza lugha. Katika misimu miwili ya kwanza vibao vya melini viliandikwa kwa Kiingereza na Kiesperanto. Sehemu ya kwanza ya msimu wa pili inamwonyesha Rimmer akihangaika na masomo ya Kiesperanto bila mafanikio, huku Lister, asiyesoma, akijibu sawasawa kwa kuwa ameyasikia masomo hayo pembeni. Watu wa nchi ambayo lugha ya ofisi hujifunzwa darasani na lugha nyingine hushikwa barabarani hawahitaji maelezo marefu kuuelewa mzaha huo.

Jaribio la kuuhamishia mchezo huu Marekani, mwaka 1992, linathibitisha uzito wa lafudhi. Lister alipewa mwigizaji wa Kimarekani mwenye sura ya shujaa wa sinema. Maneno mengi yalibaki yaleyale, lakini tofauti ya hadhi kati yake na Rimmer ilififia. Jaribio halikuzaa mfululizo, na watazamaji wa mchezo wa asili hadi leo hulitaja kama mfano wa kosa. Kilichopotea ni ule uhusiano wa mtu wa chini anayemjibu mtu wa juu.

2.3 Tusi lililobuniwa

Suala la tatu ni neno "smeg", ambalo wahusika hulitumia kama tusi la kila shughuli. Kazi yake ni ya tafsida: linaleta ukali wa tusi bila kulitamka tusi lenyewe katika televisheni. Watazamaji walilichukua wakalifanya alama ya ujamaa wao. Alitamkaye hujulikana kuwa ni mwenzao.

Kwa mfasiri wa Kiswahili neno hili lina ugumu wa kifonolojia na wepesi wa kimofolojia. Ugumu ni kwamba mfuatano wa /s/ na /m/ mwanzoni mwa neno, pamoja na konsonanti mwishoni, haukubaliani na muundo wa silabi ya Kiswahili. Neno litaelekea kuwa "simegi", na litapoteza mkato wake. Wepesi ni kwamba Kiswahili kina njia yake ya kudunisha isiyohitaji neno jipya, nayo ni ngeli. Mtu akiitwa "kijitu" na upatanisho ukafuata, kama katika "kijitu hicho kimekuja tena", ameondolewa katika ngeli ya watu na kuwekwa katika ngeli ya vitu. "Lijitu" humdunisha kwa njia iliyo kinyume, yaani kwa kumkuza kupita kiasi. Ikumbukwe pia kwamba upatanisho ukirudishwa ("kijitu huyu amekuja") ukali hupungua na mapenzi huingia. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakofaa kwa mabishano ya Lister na Rimmer, ambao hawapendani na hawawezi kuachana.

3.0 Kicheko na Lafudhi katika Afrika Mashariki

Mabishano hayo ya Waingereza yana ndugu zake hapa. Nchini Kenya, Vitimbi na Vioja Mahakamani zilichekesha vizazi kwa Kiswahili chenye lafudhi za makabila. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana kwa jina la Mzee Ojwang' na kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, naye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Kwa nadharia hilo lingeweza kuwa dhihaka. Lakini Ojwang' alikuwa mhusika mkuu, alikuwa na nyumba, mke na neno la kujibu, na watazamaji, Wajaluo wakiwamo, walimpenda.

Mfano wa upande wa pili ni Mind Your Language, futuhi ya Kiingereza ya miaka ya 1977 hadi 1979 iliyopata watazamaji pia nchini Kenya. Darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza lilichekwa kwa makosa yao ya matamshi. Nchini Uingereza futuhi hiyo ilishutumiwa kwa kuwadhihaki wageni. Afrika Mashariki wengi waliifurahia, na sababu inaweza kuelezwa: mtazamaji wa hapa, aliyejifunza Kiingereza chini ya fimbo, alikaa darasani pamoja na wanafunzi wale na kuwashangilia walipomchosha mwalimu. Mchezo ni mmoja, benchi ni tofauti, hukumu ni tofauti.

Mr. Bean, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990, iliuepuka mtego wote kwa kutosema karibu neno lolote. Asiyesema hana lafudhi, na asiye na lafudhi hana kabila wala shule. Mafanikio yake kote duniani yanaonyesha, kwa njia ya kinyume, jinsi lugha inavyobeba mzigo wa hadhi katika futuhi nyingine.

Dhana inayounganisha mifano hii ipo katika utamaduni wetu, nayo ni utani. Utani unatofautiana na dhihaka kwa sharti moja: ni wa pande mbili. Mtani huingia msibani kwa mwenzake na kufanya mzaha ambao mwingine angepigwa kwa kuufanya, kwa sababu wote wanajua kwamba siku yake itafika. Palipo na mtu anayetania asitaniwe, utani umekwisha na mkuki umekuwa kwa nguruwe. Wahusika wa Red Dwarf, kwa kipimo hiki, ni watani. Wageni wa Mind Your Language ni watani kwa mtazamaji aliyekaa nao, na ni wahanga kwa mtazamaji aliyesimama na mwalimu.

4.0 Ufipa katika Mzaha wa Taifa

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Kifipa, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi M.10 pamoja na Kimambwe, Kirungu na Kipimbwe, ndiyo lugha ya nyumbani ya wakazi wengi. Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Katika mazungumzo ya Watanzania wa mikoa mingine, Sumbawanga hutajwa kwa mizaha miwili: kwamba ni mwisho wa nchi, na kwamba ni mji wa wachawi, ambako mtu anaweza kumpelekea adui yake radi mchana kweupe.

Mzaha wa pili una kinaya cha kiisimu. Jina la mji hufafanuliwa na wenyeji kuwa lina maana ya "tupa uchawi". Kwa ufafanuzi huo mji umeitwa kwa tendo la kuukataa uchawi, na taifa likaufanya kuwa makao ya uchawi. Historia nayo iko upande wa wenyeji. Mwanaanthropolojia Roy Willis, katika makala yake ya mwaka 1968, alieleza harakati za Kamcape zilizopita Ufipa zikilenga kuwasafisha wachawi na kuziondoa dawa zao vijijini. Watu waliojisumbua kiasi hicho kuufukuza uchawi hawastahili kuwa nembo yake.

Inaweza kudaiwa kwamba tatizo la kuwafasiria watu wa Ufipa futuhi ya angani si mzaha wa taifa bali ni sayansi yake: kwamba mambo ya meli za angani na viumbe vya mwanga ni mageni mno. Dai hilo ni dhaifu. Masimulizi ya asili ya Wafipa, kama yalivyokusanywa na Willis, yanaanza na Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeanguka kutoka angani na kufikia Milansi dunia ilipokuwa changa. Baadaye wakatokea wanawake watatu wageni, Watwaci, wakamkuta mtawala wa Milansi hayupo, wakakikalia kiti chake. Aliporudi aliwaachia utawala, naye akabaki na heshima ya Milansi. Jamii inayosimulia mtu wa kwanza aliyetoka angani haitashindwa kumfuata mtu wa mwisho anayeelea huko. Fasihi ya Kiswahili nayo imekwisha kupita njia hiyo. Riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inamrusha mhusika wake angani hadi ulimwengu mwingine.

Kwa hiyo ugumu hauko katika anga. Uko katika swali la sauti: Lister azungumze Kiswahili cha nani?

5.0 Njia za Kufasiri na Matokeo Yake

Njia ya kwanza ni maandishi chini ya picha. Ina faida ya kuiacha sauti ya asili, lakini humtaka mtazamaji asome upesi, na hadhi ya lafudhi hupotea kwa kuwa maandishi yote hutoka katika Kiswahili sanifu kimoja. Lister na Rimmer wakiandikwa sawa, nusu ya mchezo imeondoka.

Njia ya pili ni kuingiza sauti za waigizaji wa Kiswahili. Hapa Rimmer hana shida: Kiswahili cha ofisini kinamfaa mno. Mtu asiyeweza kumwomba mwenzake chumvi bila "kurejea waraka wenye kumbukumbu namba fulani" anafahamika na kila aliyewahi kufuatilia jalada lake katika idara ya serikali. Mchezo wenyewe umemtayarishia mfasiri nafasi hiyo, kwani Rimmer hupenda kunukuu kanuni za jeshi la angani kwa namba, akazikosea, na Kryten akamsahihisha. Shida ni Lister. Akipewa Kiswahili cha mitaani cha Dar es Salaam, atapendeza mjini na kuwa mgeni Sumbawanga. Akipewa Kiswahili chenye lafudhi ya bara, ambamo "thamani" husikika kama "samani" na "dhahabu" kama "zahabu", studio ya mbali itakuwa imerekodi lafudhi ya watu wasiokuwapo, na kuiuza kwa watu watakaoicheka. Lister atabaki shujaa katika maandishi, lakini masikio ya taifa yatamsikia kama mshamba.

Njia ya tatu ni usimulizi, yaani mtu anayeieleza filamu kwa Kiswahili wakati inaonyeshwa. Sanaa hii ilistawi katika vibanda vya video nchini Tanzania. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa mabingwa wake, na Matthias Krings aliichambua katika makala ya mwaka 2010 kwa sitiari ya kuugeuza wali kuwa pilau. Msimulizi hafasiri tu. Huongeza methali, huwapa wahusika majina ya mtaani, huwashutumu na kuwatetea. Wataalamu wa tafsiri wamezoea kuyahesabu mambo hayo kuwa kasoro za uaminifu. Kwa futuhi yana kazi mahususi: yanamrudisha mtambaji mbele ya hadhira yake, na pamoja naye kiitikio.

Tofauti ya msingi basi ni kati ya sauti iliyopo na sauti iliyorekodiwa. Msimulizi aliyeketi kibandani Sumbawanga anaweza kumpa Lister lafudhi ya Kifipa, na watu wakacheka kwa sababu mtu wa mwisho ulimwenguni amekuwa wa kwao na anamshinda afisa kwa maneno. Akizidisha, atazomewa papo hapo na atajirekebisha. Lafudhi ileile ikiwekwa kwenye kanda na kusambazwa nchi nzima, haimsikii anayeijibu. Usimulizi uliorekodiwa, uliouzwa sana wakati wa kanda za VHS, unasimama katikati: una ladha ya mtambaji, lakini hauna sikio lake. Bila shaka kazi yoyote ya namna hii yahitaji ridhaa ya wenye haki, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Lakini ridhaa hiyo haiwezi kuamua suala la lafudhi.

6.0 Hitimisho

Mabishano ya watazamaji wa Red Dwarf kuhusu kicheko cha ukumbini, lafudhi ya Liverpool na tusi la kubuni yanaonekana kuwa matatu, lakini yana mzizi mmoja. Katika kila moja mtazamaji anauliza kama amepewa nafasi ya kujibu au kama mwingine amesema kwa niaba yake. Kigezo hichohicho kinaeleza kwa nini Mzee Ojwang' alipendwa na jamii ambayo hakuzaliwa ndani yake, na kwa nini mzaha wa radi hauwachekeshi wenyeji wa Sumbawanga kama unavyowachekesha wasimuliaji wake.

Matokeo ya hoja hii kwa taaluma ya tafsiri ni mawili. Kwanza, mfasiri wa futuhi hatoshelezwi na ulinganifu wa maana. Anapaswa kutafuta ulinganifu wa nafasi, yaani kuhakikisha kwamba yule anayejibu katika lugha chanzi anaendelea kujibu katika lugha lengwa. Pili, mafunzo ya tafsiri katika vyuo vyetu yanapaswa kuuchukulia usimulizi wa vibandani kuwa mbinu kamili yenye kanuni zake, badala ya kuuweka pembeni kama mchezo wa watu wasiosoma. Kwa upande wa Ufipa, kazi hiyo ianze kwa msimulizi anayekijua Kifipa, mbele ya hadhira inayoweza kumzomea.